Nirudishieni Zimwi Langu

Hotuba kwa wapenzi wa sinema, wiki moja baada ya kuangalia pamoja filamu ya Kifaransa La Belle et la Bête, yaani Mrembo na Mnyama, ya mwaka 1946

Mabibi na mabwana, wazee wangu mliokaa mbele, na nyinyi vijana mliojibanza karibu na mlango ili mtoke mapema, nawasalimu.

Alhamisi iliyopita, filamu ilipokwisha na taa zikawashwa, nilitegemea makofi. Ukumbi ulikaa kimya. Kisha mtu mmoja huko nyuma akasema kwa sauti ya kuchoka, "Ndiyo huyu sasa?" Watu wakaangua kicheko. Kila mmoja alijua anasemwa nani: yule mwana wa mfalme mwenye nywele za mawimbi na suruali ya kubana, aliyeinuka pale alipokufa yule Mnyama wetu. Baada ya kicheko ukaanza ubishi, na ubishi ule mnaukumbuka. Mlinzi alikuja mara mbili na funguo mkononi, mara ya tatu akaketi naye akasikiliza.

Niliwaomba muandike maoni kwenye vikaratasi. Nimevisoma vyote, vingine mara tatu kwa sababu ya mwandiko. Sikuja kuwahesabia ni wangapi wameipenda na wangapi hawakuipenda, maana hesabu hiyo haina faida kwa mtu. Nimekuja kuwajibu baadhi yenu, na pengine kuwachokoza.

Nianze na rangi, kwa kuwa nyinyi mmeanza na rangi. Mmoja ameandika kwamba dakika tano za kwanza alidhani projekta imeharibika. Mwingine, ambaye namfahamu hata akificha jina, anauliza kama Wafaransa wa wakati huo walikuwa bado hawajapata rangi. Swali ni zuri kuliko anavyodhani. Rangi ilikuwepo duniani. Wamarekani walikwisha kupiga filamu za rangi kabla ya vita. Lakini hebu fikirini Ufaransa ya Agosti 1945, mwezi ambao mwongozaji wake, Jean Cocteau, alianza kupiga filamu hii. Wajerumani wametoka Paris mwaka mmoja tu nyuma. Vita vya Ulaya vimekwisha Mei. Chakula ni cha mgao. Umeme unakatika, na nyinyi wa mji huu hamhitaji kuelezwa maana ya umeme kukatika katikati ya kazi. Kamera ni kuukuu, zinakwama. Mkanda wenyewe wa kupigia picha ni wa kuokoteza: kipande cha aina hii leo, kipande cha aina ile kesho, na kila aina inapokea mwanga kwa namna yake.

Cocteau aliandika shajara ya kazi ile siku baada ya siku, na ikachapishwa mwaka huohuo wa 1946. Humo kuna jambo moja dogo ambalo mimi halinitoki kichwani. Mnakumbuka ile sehemu ya shuka zimeanikwa uani nyumbani kwa Mrembo, watu wanapita katikati yake kama wanaocheza kibemasa? Shuka zile zilikuwa taabu kubwa kupatikana. Katika nchi nzima iliyotoka vitani, kupata shuka nyingi nyeupe zisizo na viraka ilikuwa kazi ya kutafutia. Sasa fikirini: mtu anatengeneza ngome ya kichawi, lulu na mishumaa inayojiwasha, na kinachomkosesha usingizi ni shuka. Mavazi nayo yalishonwa katika nyumba ya mitindo ya Paquin, ambako kijana mmoja aitwaye Pierre Cardin alikuwa akishika sindano kabla dunia haijamjua. Kwa hiyo mtu akiniandikia kwamba filamu hii "inaonyesha utajiri usio na maana", namwambia taratibu: utajiri ule wote ulishonwa na watu waliokuwa wakipanga foleni ya mkate.

Lakini nisiwape jibu la umaskini peke yake, kana kwamba tunaihurumia filamu. Mpiga picha wake, Henri Alekan, alikuwa na mkono. Watu wengi wakitaka kuonyesha ndoto hutafuta ukungu: picha inafifia, kioo kinapakwa mafuta, kila kitu kinakuwa kama kimeonekana nyuma ya chandarua. Cocteau alikataa ukungu huo. Alitaka maajabu yaonekane waziwazi, yenye kingo kali, kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Kwa nyumba ya mfanyabiashara, baba yake Mrembo, alimwelekeza Alekan kwa Vermeer, yule mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, wa wanawake wanaosimama dirishani na mwanga unaoingia ubavuni. Kwa ngome ya Mnyama alimwelekeza kwa Gustave Doré, aliyechora picha za vitabu vya hadithi katika karne ya 19. Picha za Doré vitabuni ni wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Basi mngetaka rangi iingie wapi? Ule weusi wa ukumbi ambao mkono unatokeza umeshika kinara, tia humo rangi ya ukuta, kijani au hudhurungi, utaona mkono na ukuta. Sasa hivi mnaona mkono na giza, na giza halina mwisho.

Rafiki yangu aliyelalamika kuhusu projekta, wewe nakusamehe. Yule aliyeandika kwamba "ingekuwa na rangi ingekuwa nzuri zaidi", sikusamehi.

Sasa tuje kwenye mwanzo, ambao wengi mmeupita haraka. Filamu inaanza na ubao wa darasani. Cocteau mwenyewe anaandika majina kwa chaki. Kisha, kabla hadithi haijaanza, anawaandikia watazamaji waraka mfupi. Anasema watoto huamini wanachosimuliwa, wanaamini kwamba ua likichumwa linaweza kuletea nyumba nzima msiba, wanaamini kwamba mikono ya mnyama muuaji hufuka moshi. Anaomba na sisi tumpe kidogo ule moyo wa kitoto. Anamalizia kwa maneno ambayo kila hadithi ya Kifaransa huanza nayo, yaani hapo zamani za kale.

Nyinyi mliolelewa na bibi mnajua hiki ni kitu gani. Hiki ni paukwa. Bibi hasimulii mpaka mseme pakawa. Mkikaa kimya naye anakaa kimya, mkaa unazima, mnakwenda kulala bila hadithi. Cocteau kasema paukwa, na vikaratasi vyenu vinaonyesha wazi nani aliitika na nani alikaa amekunja mikono. Aliyeitika anaandika kuhusu ile mikono ya ukutani: "niliogopa hadi nikashika kiti." Ambaye hakuitika anaandika kuhusu mikono hiyohiyo: "inaonekana kabisa kuna watu nyuma ya ukuta."

Ni kweli kuna watu nyuma ya ukuta! Hilo si siri. Hapakuwa na kompyuta mwaka 1945. Watu walisimama nyuma ya ukuta wa bandia wakapitisha mikono kwenye matundu, wakakaa hivyo wameshika vinara mpaka misuli ikatetemeka. Zile nyuso za mawe kandokando ya meko, zinazofungua macho na kupumua moshi puani, ni watu waliopakwa rangi na kuwekwa pale. Mishumaa inayojiwasha yenyewe iliwashwa, ikazimwa mbele ya kamera, kisha mkanda ukageuzwa kinyumenyume. Mrembo anayepita kwenye ule ujia wa mapazia meupe bila kunyanyua mguu alikuwa amesimama juu ya kibao chenye magurudumu, anavutwa. Kila ujanja unaweza kuufanya nyumbani kwako ukiwa na shuka na watoto wa jirani. Ndiyo maana unatisha. Mwigizaji alikuwepo pale kweli, akivuta pumzi, na jicho letu linajua tofauti ya mtu anayevuta pumzi na picha iliyochorwa.

Hapa lazima nisome karatasi moja ambayo imenishinda. Mama mmoja ameandika: "Hao wenye mikono na nyuso, mbona hakuna anayeuliza wao ni nani? Mnyama ana laana, sawa. Na hao je? Wamefungwa kwenye ukuta wa mtu na kazi yao ni kumshikia taa." Filamu hii nimeiangalia miaka mingi, nimeisomea, nimeisifia mbele ya watu, na swali hilo sijawahi kujiuliza. Mwisho wa filamu Mnyama anapata sura yake. Wale wa ukutani hatuoni wakipata chochote. Mama, popote ulipokaa, nimebeba swali lako na sijui nitalitua wapi.

Tuingie kwa Mnyama mwenyewe, na kwanza jina lake. Mmenishambulia kwa kutafsiri la Bête kuwa Mnyama. Mmoja anataka Zimwi, mwingine anataka Dubwana. Nawaelewa. Kwa Kifaransa neno bête lina ncha mbili: ni mnyama, na pia ni mtu mjinga, mtu asiye na akili nyingi. Katika hadithi ya Jeanne-Marie Leprince de Beaumont, aliyekuwa mwalimu wa watoto wa kike huko London na akaichapisha hadithi hii katikati ya karne ya 18, Mnyama anakiri mwenyewe kwamba ubaya wa sura ni nusu tu ya shida yake, maana hata akili hana, yeye ni bête tu. Kiswahili hakina neno moja la kubeba yote mawili. Tukisema fulani ni mnyama, tunasema ni katili. Zimwi angalau tunalijua toka utotoni, na tuna methali inayomfaa huyu bwana kama kanzu iliyopimwa: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Basi leo nitawafuata, nitamwita Zimwi. Mmeshinda.

Zimwi hili ni Jean Marais. Wakati ule alikuwa kijana wa miaka 31 hivi, mmoja wa wanaume waliopendwa sana kwa sura katika sinema ya Ufaransa, na wakamfunika uso. Alikaa kitini saa tano kila siku ya kazi kubandikwa manyoya, saa tatu za uso na saa moja kwa kila mkono. Meno yale yalishikizwa kwenye meno yake mwenyewe, hata kula ikawa kula vitu vilivyopondwa. Marais alitaka Zimwi liwe na kichwa cha kulungu dume, chenye pembe. Christian Bérard, aliyebuni sura na mavazi ya filamu nzima, akakataa: Zimwi lazima liwe mla nyama, la sivyo litachekesha badala ya kutisha. Alikuwa na haki. Mnaikumbuka ile sehemu wanatembea bustanini, Zimwi linazungumza maneno laini kama bwana wa heshima, mara kulungu anapita kwa mbali na masikio ya Zimwi yanasimama? Maneno yanaendelea lakini masikio yameshaondoka. Kama lingekuwa kulungu lenyewe, sehemu hiyo isingekuwepo.

Na huku Marais akibandikwa manyoya, Cocteau naye ngozi yake ilikuwa inaharibika. Aliugua majipu na ukurutu vibaya, akalazwa hospitalini huko Paris, na siku alizokuwa kitandani kazi iliongozwa na René Clément, mshauri wake wa ufundi. Mwongozaji mwenye uso ulioumuka anatengeneza filamu kuhusu uso unaotisha. Sipendi kufananisha maisha ya msanii na kazi yake, ni tabia ya uvivu, lakini hapa ningekuwa mnafiki nikinyamaza.

Karatasi iliyonikalisha usiku ni ya dada mmoja ambaye ameandika upande wote na kugeuza. Anasema: "Mmetuambia ni filamu ya mapenzi. Baba kachuma waridi, kadaiwa roho yake, binti kapelekwa kulipa. Hiyo ni rehani. Kila jioni saa moja bwana anakuja kumuuliza utaolewa nami, na mlango hauna funguo upande wa ndani. Mtu akikuuliza swali moja kila siku mpaka uchoke, umekubali au umechoka?"

Ukumbi mzima uliopiga makofi sasa hivi, nimewaona. Na ni wengi, hata wazee.

Dada, kwanza nikubali bila kupindapinda: ni rehani. Filamu yenyewe inalijua hilo. Angalieni inavyoanza. Baba ni tajiri wa merikebu, merikebu zimepotea baharini, mtoto wa kiume ametia saini kwa mkopeshaji, na mkopeshaji amepata haki ya kubeba samani mpaka meza. Nyumba inayomtoa Mrembo ni nyumba ambayo vitu vinatolewa mlangoni kimoja kimoja kwa ajili ya deni, na binti ni kimojawapo. Bi Leprince de Beaumont aliwaandikia wasichana ambao wengi wao wangeozwa kwa mtu waliyechaguliwa na wazazi. Kuwaambia kwamba yule bwana mgeni wa kutisha huenda akawa na moyo mzuri ilikuwa faraja, na ilikuwa pia kuwatuliza wasigome. Mambo yote mawili yamo humo. Bibi zetu walioingizwa ndani siku ya harusi na mtu ambaye hawakuwahi kumwona wangeielewa hadithi hii upesi kuliko sisi.

Ila nakuomba, dada, urudi uitazame tena ile sehemu ya usiku. Zimwi limetoka kuua, linasimama mlangoni kwa Mrembo, mikono inafuka moshi wa damu. Kila mtu ukumbini alijua kinachofuata katika filamu za namna hii: binti atapiga kelele, ataanguka. Mrembo anamtazama juu mpaka chini, anamuuliza kama haoni haya, anamwambia akajisafishe akalale. Alivyosema vile, shangazi yangu, ambaye Kifaransa hajui hata salamu, aligonga paja akasema, "Huyo ndiye mwenye nyumba." Toka usiku ule mamlaka yamehama. Mfungwa ni yeye, lakini anayeinamisha macho ni mwenzake. Kuna mahali Zimwi linamlalamikia kwamba anampapasa kama mtu anavyopapasa mnyama, naye anajibu: lakini wewe ni mnyama. Hakuna kubembeleza. Sikuambii kwamba hilo linafuta rehani. Nakuambia kwamba Josette Day, mwigizaji wa Mrembo, ambaye wengi mmemwita "baridi" kwenye karatasi zenu, ana sababu ya kuwa baridi. Ungekuwa wewe, ungemchekea nani humo ndani?

Haya, mwisho. Nimeuchelewesha makusudi kwa kuwa karibu kila karatasi inaishia hapo.

Kwa waliokosa onyesho, nieleze kwa ufupi. Kijana wa kijijini aitwaye Avenant, mzuri wa sura, mvivu, anampenda Mrembo. Huyu hayumo kwenye hadithi ya zamani, Cocteau ndiye aliyemwongeza. Avenant anakwenda kwenye ngome kumuua Zimwi na kuiba mali. Anavunja kioo cha paa la nyumba ya hazina, anateremka, na sanamu ya Diana, mungu wa kike wa mawindo, inamchoma mshale. Papo hapo Avenant anageuka sura ya Zimwi. Na kule kandoni mwa maji, Zimwi lililokuwa linakufa kwa huzuni linainuka likiwa na sura ya Avenant. Wote watatu, Avenant, Zimwi na mwana wa mfalme, ni Jean Marais.

Inasimuliwa kwamba Greta Garbo, nyota wa sinema wa enzi hizo, alipoiona filamu hii, pale mwana wa mfalme alipoinuka, alisema arudishiwe Zimwi lake. Wengine wanasimulia ni nyota mwenzake, Marlene Dietrich. Yeyote aliyesema, alisema kile alichosema mwenzetu wa kiti cha nyuma Alhamisi iliyopita: ndiyo huyu sasa? Na karatasi zenu zinaimba wimbo huohuo. "Alikuwa na heshima zaidi akiwa na manyoya." "Sauti imekuwa nyembamba." "Anatabasamu kama mtu wa tangazo la sabuni." Hiyo ya sabuni imenichekesha mpaka nikamsomea mke wangu.

Wengi mnahesabu jambo hili kuwa kosa la filamu. Mnasema Cocteau alijenga vizuri akaharibu mwishoni. Hapo ndipo nataka tushikane mashati. Cocteau mwenyewe alieleza baadaye kwamba alitaka kulifanya Zimwi liwe na utu na mvuto kiasi kwamba kugeuka kwake kuwe pigo kwa Mrembo, kumtie kwenye ndoa ya kawaida ambayo hadithi huifungia kwa kusema wakapata watoto wengi. Mnaona? Uchungu mlioandika kwenye karatasi uliwekwa pale kwa mkono, kama chumvi. Na filamu haifichi. Mwana wa mfalme anamwambia Mrembo, ni kama unausikitikia ubaya wangu. Anamuuliza kama alimpenda Avenant, anajibu ndiyo. Kama alilipenda Zimwi, ndiyo. Anamwambia yeye ni msichana wa ajabu. Na Mrembo anamtazama, na uso ule mliouita baridi unafanya kazi yake kubwa kuliko zote: anasema itabidi azoee.

Itabidi azoee! Hapo palipaswa kuwa busu.

Mpwa wangu wa miaka minane alikuwa hapa Alhamisi. Tulipotoka nilimuuliza mwisho ameuonaje. Akasema, "Vizuri, amepona." Kwake Zimwi lilikuwa mgonjwa, limepata dawa, basi. Na shangazi yangu yule wa kugonga paja alikaa kimya garini mpaka Magomeni, halafu akasema, "Wamemuua, wakamletea mwingine." Filamu moja, safu moja ya viti. Na ndipo nilipoelewa ujanja wa Cocteau, baada ya miaka yote hiyo. Kwenye ubao alituomba moyo wa mtoto, tukampa, na kwa moyo huo tukaamini mikono ya ukutani na farasi anayeambiwa nenda ninakokwenda. Kisha mwishoni, bila kutuambia, anadai moyo wa mtu mzima, aliyewahi kuzoea sura fulani mezani na kuikosa. Asiye nao anaona mtu amepona. Mwenye nao anaona msiba katikati ya harusi. Hakuna aliyekosea kati ya mpwa na shangazi.

Kuna mjane ameandika mstari mmoja tu. Ruhusa ya kuusoma ninayo. "Mume wangu nilimzoea na ubaya wake, angerudi leo kijana mzuri nisingemfungulia mlango."

Sikuwa na la kuongeza kwenye karatasi hiyo, nikaiweka chini ya nyingine zote.

Watu wa wakati ule nao hawakukubaliana, msidhani nyinyi ndio wa kwanza. Filamu ilionyeshwa Cannes, huko Ufaransa, katika tamasha la kwanza kabisa la filamu la mji huo, mwaka 1946, ikaondoka bila tuzo kubwa. Waliong'ara ni wengine, na kwa masihara ya dunia mmoja wao alikuwa huyuhuyu René Clément, kwa filamu yake kuhusu wafanyakazi wa reli waliowapinga Wajerumani, na mpiga picha wa filamu hiyo ya reli ni Alekan yuleyule. Nchi iliyotoka vitani ilitaka kuona reli ikilipuliwa, waridi likasubiri. Lakini mwaka huohuo Ufaransa ikaipa filamu ya waridi tuzo ya Louis Delluc. Mwaka 1994 Mmarekani Philip Glass aliitungia opera nzima, waimbaji wakiimba mbele ya picha zilezile, mdomo kwa mdomo. Na mtakapowaangalizia watoto ile katuni ya Disney ya 1991, mtazameni yule mtanashati mwenye kifua anayemtaka binti kwa nguvu, kisha mniambie kama hamkuona kivuli cha Avenant.

Jambo moja tu nakubaliana na wapinzani moja kwa moja: kuruka kule angani. Mrembo na mwana wa mfalme wanapaa mawinguni wameshikana, nguo zinapepea, na mimi kila mara hutazama saa. Mtu aliyeweza kututisha kwa mkono na mshumaa hakuhitaji mawingu. Waliosema inaonekana kama picha ya kalenda, nipo nao.

Nimebakiwa na karatasi moja, ya yule mpwa wangu, ambaye aliandika mwenyewe kwa kalamu ya rangi. Anakumbusha kwamba Avenant hakwenda peke yake. Alikwenda na Ludovic, kaka yake Mrembo, na Ludovic ndiye aliyemshika mikono akimteremsha kupitia kioo kilichovunjika. Mshale ukapiga, Avenant akaanguka. Kisha tukaenda kwa maharusi, tukapaa mawinguni, filamu ikaisha. Mtoto anauliza: "Kaka yake Mrembo amebaki juu ya paa. Atateremka na nini?"

Nimerudia kuangalia sehemu ile jana usiku mara mbili. Kwa kweli hatumwoni tena. Maikrofoni iko kule kwa yule kijana wa shati la bluu, mwenye jibu anyooshe mkono.